Karatasi Haisemi Mwaka

Famau wa maabara ameiandika kwa wino wa buluu,
jina langu akalikosea herufi moja,
kisha mistari miwili:
IgM, hasi.
IgG, chanya.

Mimi nilisikia "chanya" tu.
Mkono ukaenda tumboni wenyewe,
kwenye miezi sita ya mateke.
Maana Shekuwe yuko kitandani, nyumbani Langoni,
siku ya tisa leo,
mato yake rangi ya bizari,
mkojo rangi ya chai ya mkandaa.
Na daktari aliniambia bila kupamba:
homa hii ya ini, aina ya E,
mwanamume huugua akapona;
mwenye mimba, mara nyingine, haamki.

"Keti," akasema Famau,
"usiisome kama barua ya talaka."
Akachomoa kalamu sikioni.
"Hizi ni kingamwili. Si maradhi,
ni walinzi walioitwa na maradhi.
M ndiye atanguliaye: huja mbio jambo likiwa bichi,
hukaa miezi, akaenda zake.
G humfuata, naye hana haraka.
Huyo hukaa miaka.
Kwako M hayuko. G yuko.
Yaelekea uliugua zamani, ukapona.
Nasema yaelekea. Kipimo nacho hukosea,
tutarudia baada ya wiki mbili.
Na maji, chemsha vilevile."

"Zamani lini?"

"Karatasi haisemi mwaka."

Lakini mimi naujua.
Ni mwaka wa masika yaliyopandisha mtaro wa nyuma
hadi mdomoni mwa kisima chetu.
Nilikuwa na miaka minane.
Nilitapika siku tatu, nikachukia harufu ya samaki,
nikapona, nikasahau.
Maimuna, dada yangu, alikuwa na mimba ya kwanza.
Tulikuwa tukinywa ndoo moja,
kata moja.

Alikufa usiku wa Alhamisi, macho manjano, na mwanawe ndani.

Msiba mkubwa hautaki kukaa bila mwenyewe.
Tukampa Mwanatumu, jirani, asiyejaliwa mtoto,
aliyesema siku moja akipita,
"Tumbo limejaa kama mtungi,"
wala hakuongeza mashaallah.
Basi. Maneno manne.
Mama akasema: ni jicho lile.
Miaka ishirini na miwili
hakuna sahani ya futari iliyotoka kwetu kwenda kwake.
Sisi watoto tulifunzwa kupita upande wa pili,
na uchochoro wetu hauna upande wa pili,
punda akija mtu hujibanza ukutani.

Naikunja karatasi mara nne.
Haithibitishi kitu; Famau angenicheka.
Damu yangu si damu ya Maimuna,
na yake hakuna aliyeipima.
Ninachojua ni kwamba kitu kilipita mwilini mwangu
kikaacha mlinzi mlangoni,
naye akakaa, nikavunja ungo, nikaolewa,
nikazika mama,
asiseme neno, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Sikwenda nyumbani moja kwa moja.
Shekuwe atanisamehe uji wake ukichelewa.

"Hodi."
"Nani?"
Nikataja jina, na jina la baba.
Kimya. Kisha komeo.

Amekuwa mdogo Mwanatumu, amebaki leso na mifupa.
Aliliona tumbo, akageuza uso upesi,
akautazama ukuta, chokaa iliyobanduka,
kama mtu aliyezoea.

"Tazama," nikamwambia.

Hakutazama.
Mkono wangu ulikuwa umeishika karatasi
na sikujua nianzie herufi gani.

"Maji yangu ni ya kisima," akasema, bado na ukuta.
"Ngoja, nikupikie chai."